Barua ya wazi kwa Bodi ya Wakurugenzi: mpango wetu wa maafa umebaki kabatini

Dar es Salaam,
6 Oktoba 2025

Mheshimiwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: KUKOSEKANA KWA MPANGO UNAOTEKELEZEKA WA KUKABILI MAAFA NA KUREJESHA UZALISHAJI KIWANDANI

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa zamu katika idara ya matengenezo, huu ukiwa mwaka wangu wa 14 kiwandani, na ni mwakilishi wa wafanyakazi katika kamati ya usalama na afya. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Barua yangu ya Juni 2024 ilijibiwa kwa sentensi moja kwamba suala linafanyiwa kazi. Ya Novemba mwaka huohuo haikujibiwa. Ya Machi 2025 niliipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri wa mapokezi, na tangu siku hiyo sijaambiwa ipo meza gani. Jina la kiwanda, ambacho kinasafisha mafuta ya mawese na kutengeneza sabuni, silitaji hapa. Wafanyakazi, wasambazaji na majirani watakaoisoma wanakifahamu, na ninachotaka ni kirekebishwe, si kichafuliwe, kwani ndicho kinachosomesha wanangu.

Naanza na usiku ule wa Aprili 2024, kwa kuwa taarifa iliyofikishwa kwenu, ambayo niliiona baadaye, ilikuwa ya aya tatu tu na haikusema tuliyoyapitia. Masika ya mwaka ule ilikuwa nzito nchi nzima. Waziri Mkuu alipolieleza Bunge tarehe 25 Aprili, waliofariki kutokana na mvua na mafuriko walikuwa wamefika 155. Kiwanda chetu kipo upande wa chini wa Barabara ya Nyerere, na ukuta wetu wa nyuma unapakana na korongo linaloshusha maji kwenye Mto Msimbazi. Saa saba na dakika arobaini usiku maji yalipita chini ya geti la malori. Umeme wa TANESCO ukakatika dakika chache baadaye, jenereta ikawaka yenyewe kama ilivyopangwa, ikafanya kazi kwa dakika zisizozidi ishirini, kisha maji yakaifikia nayo ikazima. Kuanzia hapo hadi kulipopambazuka tulikuwa watu 31 gizani, ndani ya kiwanda chenye boila iliyojaa moto, matangi ya mafuta yaliyochemka, na stoo ya kostiki (kemikali kali ya kutengenezea sabuni) iliyoanza kuingiwa na maji. Uzalishaji ulisimama siku 19.

Haya ndiyo yanayonitia wasiwasi, na kila moja bado lipo leo ninapoandika.

1. Jenereta na paneli za umeme zipo sehemu ya chini kuliko zote kiwandani.

Baada ya mafuriko mliidhinisha jukwaa la zege la kuinyanyua jenereta juu ya kimo cha maji yale, na nashukuru kwa hilo. Lakini paneli kuu ya kugawia umeme, pamoja na swichi inayohamisha mzigo kutoka TANESCO kwenda kwenye jenereta, vimebaki palepale ukutani, kimo cha goti kutoka sakafuni. Maji ya Aprili yalifika kiunoni. Maana yake ni kwamba mafuriko kama yale yakirudi, jenereta itakuwa kavu juu ya jukwaa lake, itanguruma vizuri, na hakuna pampu hata moja itakayozunguka.

Hili si jambo la kubuni. Kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi nchini Japani kilikuwa na jenereta za dharura tarehe 11 Machi 2011, na ziliwaka mara tetemeko lilipokata umeme wa gridi. Kabla ya saa moja kwisha, tsunami ilifurika vyumba vya chini vya majengo ambamo nyingi kati yake zilikuwa zimefungwa. Kuna jambo la pale ambalo kila fundi umeme angepaswa kulishika: zilikuwepo jenereta chache zilizofungwa juu zaidi, ambazo maji hayakuziharibu, lakini umeme wa baadhi yake haukuwa na pa kupita kwa sababu paneli zake zilikuwa chini na zimelowa. Jenereta moja ya kinu cha sita, iliyosalia salama pamoja na paneli zake, ndiyo iliyohudumia kinu cha tano na cha sita hadi vikanusurika. Kuinua jenereta peke yake ni nusu ya kazi. Katika barua ya Novemba niliambatanisha mchoro wa kuhamishia paneli kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo la karakana, pamoja na urefu wa nyaya zitakazohitajika, na niko tayari kuuchora upya kama umepotea.

Zaidi ya hapo, hatujawahi kukubaliana kwa maandishi ni mitambo gani iwe ya kwanza kupewa umeme wa jenereta. Kila msimamizi wa zamu anaamua kwa akili yake. Kwangu mimi orodha ni fupi: pampu ya maji ya boila, taa za dharura, pampu ya zimamoto, na mzunguko wa mafuta kwenye mabomba, kwa sababu mawese yakipoa hayasubiri mtu. Kati ya siku zile 19, siku sita tulizitumia kuyeyusha na kukwangua mafuta yaliyoganda ndani ya mabomba, mengine ikabidi tuyakate na kuyachomelea upya. Pampu ndogo ya mzunguko na umeme wa saa nne tu zingetosha kuyarudisha mafuta matangini kabla hayajaganda.

2. Boila na stoo ya kostiki zinaweza kuua, na bahati ndiyo iliyotulinda.

Boila yetu inachoma pumba za mpunga na kuni. Boila ya gesi ukiifungia gesi, moto umekufa. Ya pumba haizimiki kwa swichi: umeme ukikatika moto unaendelea kuwaka tanurini, maji ndani yanaendelea kugeuka mvuke, na pampu ya kuingiza maji mapya imesimama. Maji yakishuka chini ya kiwango, chuma kinapata joto kisichostahimilika, na mtu akikosea akaingiza maji baridi wakati huo, boila inaweza kupasuka na kubomoa jengo. Ndiyo sababu boila ya aina hii huwekewa injekta, kifaa kinachosukuma maji kwa nguvu ya mvuke wenyewe bila kuhitaji umeme. Injekta yetu imeharibika tangu 2022. Ombi la kipuri chake nimelijaza mara mbili.

Usiku ule waendesha boila wawili walisimama ndani ya maji yaliyofika magotini wakauvuta moto nje ya tanuri kwa makoleo, huku mwenzao akiwamulikia kwa tochi ya simu. Hawakuwa wamefundishwa kufanya hivyo gizani, na hakuna karatasi popote iliyowaambia wafanye. Hata leo hakuna aliyewashukuru kwa maandishi, nami naomba Bodi ilitazame hilo kwa uzito wake, kwa kuwa bila wao huenda leo mngekuwa mnasoma barua ya aina nyingine.

Kuhusu kostiki, mifuko ilipangwa juu ya chaga za mbao, safu ya chini ikiwa sentimita kumi na tano tu kutoka sakafuni. Kostiki ikikutana na maji hutoa joto kali, na maji yenyewe yanakuwa ya kuunguza ngozi na macho. Wenzetu wawili waliungua miguu walipokuwa wakijaribu kuhamisha mifuko, kwa sababu buti za mpira zilizokuwepo zilikuwa jozi tatu. Maji yale hayakubaki kwetu. Yalitoka kwa tundu la ukuta wa nyuma kwenda kwenye nyumba za watu, ambako asubuhi yake watoto walikuwa wakichezea madimbwi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hakupigiwa simu na mtu yeyote wa kiwanda. Alikuja mwenyewe getini saa nne asubuhi kuuliza maji hayo yana nini, na mlinzi hakuwa na jibu la kumpa. Silinganishi kostiki yetu na gesi iliyovuja Bhopal, India, Desemba 1984, ikaua maelfu ya watu usingizini. Nasema tu kwamba na kule pia wakazi waliozunguka kiwanda hawakuwa wameambiwa kabla wafanye nini siku ya hatari, na jirani asiyejua kinachohifadhiwa nyuma ya ukuta hawezi kujiokoa.

3. Kumbukumbu zetu na nakala zake zimewekwa chumba kimoja.

Seva ya stoo, mauzo na mishahara ilikuwa chini ya ngazi, ghorofa ya chini. Nakala rudufu ilikuwa kwenye diski iliyohifadhiwa katika droo ya meza iliyo pembeni yake. Vyote vililowa pamoja. Tulipoteza miezi minne ya hesabu za stoo na za saa za ziada, na madai ya saa hizo za ziada bado yanabishaniwa mwaka mmoja na nusu baadaye, kwani mfanyakazi anakumbuka alichofanya na kampuni haina cha kukanusha wala kuthibitisha. Seva mpya imewekwa ghorofa ya kwanza. Diski ya nakala imewekwa juu yake.

Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kuhifadhia seva la kampuni ya OVHcloud liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza kila kitu moja kwa moja kwa sababu nakala zao zilikuwa eneo lilelile. Kampuni ya meli ya Maersk iliposhambuliwa na virusi vya kompyuta Juni 2017, ilibidi iweke upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Nakala iliyosalia ya kumbukumbu kuu za mtandao wake ilipatikana Ghana, kwenye mashine iliyokuwa imezimika kwa kukatika umeme wakati virusi vinasambaa. Kampuni kubwa namna ile iliokolewa na umeme uliokatika Afrika Magharibi. Sisi tunachohitaji ni diski mbili zinazopishana kila Ijumaa, moja ikilala kwenye ofisi yetu ya mauzo ya mjini, na mtu mmoja anayewajibika kujaribu kila mwezi kama kilichomo kinafunguka.

4. Mpango uliopo uliandikwa kwa ajili ya mkaguzi.

Ninao mbele yangu. Una kurasa 64, umeandikwa na mshauri mwaka 2019, kwa Kiingereza, wakati lugha ya kazi ya zamu zote tatu ni Kiswahili. Kati ya watu 11 waliotajwa kwenye orodha ya simu za dharura, saba wameshaacha kazi na mmoja amefariki, Mungu amrehemu. Mahali pa kukusanyikia pametajwa kuwa maegesho ya malori, ambapo ndipo maji huingilia. Hakuna zoezi la kujihami lililofanyika tangu uandikwe. Kinachoitwa zoezi ni kengele ya saa sita mchana, watu wakijua siku na dakika, ikifuatiwa na picha ya pamoja. Zamu ya usiku, iliyokutwa na maji, haijashiriki hata mara moja.

Mpango wa kweli wa kurejesha kazi huanza kwa swali ambalo halijawahi kuulizwa katika kikao chochote nilichohudhuria: kila sehemu ya kiwanda inaweza kusimama kwa muda gani kabla hasara haijawa ya kudumu? Mstari wa kusafisha mafuta unavumilia saa chache tu. Mstari wa sabuni unaweza kukaa siku tatu. Ofisi ya mishahara inaweza kukaa wiki, mradi isiwe wiki ya mwisho wa mwezi. Majibu ya namna hii hayapatikani kwa mshauri aliyekaa hotelini. Yapo vichwani mwa mafundi, waendesha mitambo na watu wa stoo, na yakishaandikwa ndiyo yanayoonyesha fedha iende wapi kwanza.

5. Wafanyakazi hawamo kabisa katika mpango.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku ya pili baada ya mafuriko, vibarua zaidi ya 200 walipokea ujumbe wa simu kwamba wasije hadi watakapoitwa. Hawakulipwa kwa siku 19, na baadhi yao ndio waliokuwa wametoa matope siku ya kwanza. Wengi wanaishi Vingunguti na Buguruni, na wapo waliokuwa wameingiliwa na maji majumbani mwao usiku uleule. Tulipowaita tena, wengine walikuwa wameshapata vibarua kwingine, na mstari wa kufungasha sabuni ukachelewa siku tano zaidi kwa kukosa mikono yenye uzoefu. Aliyekata gharama ya mishahara ya siku 19 alidhani ameokoa fedha, kumbe alikuwa anarefusha kusimama kwa kiwanda. Mashine zilitengewa fedha za matengenezo ya dharura ndani ya saa 48. Watu wanaoziendesha walitengewa ujumbe wa simu.

6. Hatuna makubaliano yoyote na majirani zetu wa viwanda.

Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin Seiki huko Kariya, Japani, kilichokuwa kikitengeneza karibu vali zote za breki za magari ya Toyota, na viwanda vya Toyota vikasimama. Kilichowarudisha kazini ndani ya wiki moja hivi ni michoro waliyowagawia makampuni mengine, zaidi ya 60, ambayo kila moja lilitengeneza kiasi lilichoweza kwa mashine lilizokuwa nazo. Katika barabara yetu wapo wenye matangi, maboila na mistari ya kufungasha. Kukubaliana mapema nani atampokelea nani mafuta, kwa bei gani na kwa siku ngapi, ni kazi ya vikao viwili vitatu.

Najua majibu nitakayopewa, kwa kuwa mengine nimeshayasikia. Nitaambiwa mafuriko ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Mvua ni kudra, sikatai. Lakini paneli iliyo kimo cha goti ilifungwa na sisi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa masika kila mwaka kabla mvua hazijaanza. Nitaambiwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia, utaondoa tatizo. Nauombea mradi huo ufanikiwe, ila hautahamisha paneli zetu wala kutengeneza injekta, na haya ninayoyaeleza yangetupata vilevile kwa moto, kwa hitilafu ya gridi kama ile ya 1 Aprili 2024 iliyotia giza sehemu kubwa ya nchi, au kwa virusi vya kompyuta. Nitaambiwa tunayo bima. Bima tuliyo nayo ni ya mali. Mashine ilifidiwa, baada ya miezi saba. Siku 19 za kutozalisha hazikufidiwa, kwa sababu bima ya hasara ya kusimama kwa shughuli hatukuikata. Na wateja wawili wakubwa waliohamia kwa washindani hakuna bima inayowarudisha.

Nitaambiwa pia kwamba fedha hakuna. Kwa makadirio ya idara yangu, kuhamisha paneli, kununua injekta, kuinua chaga za kostiki na kununua diski na buti kunagharimu chini ya mauzo ya siku tatu za kawaida. Hesabu hiyo ilikuwa kiambatanisho cha barua ya Machi. Naomba mhasibu mkuu aikague mbele ya Bodi, na nikiwa nimekosea aseme nimekosea wapi.

Mbali na fedha, upo wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda uhai na afya ya walio kazini, na tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria mpya ya Usimamizi wa Maafa. Sijaandika barua hii ili kiwanda kifungiwe. Lakini nimekula kiapo cha uwakilishi mbele ya wenzangu, na siwezi kuendelea kusaini mihtasari ya kamati inayosema hali ni shwari.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kabla ya tarehe 31 Oktoba, injekta ya boila inunuliwe na ijaribiwe, kostiki iinuliwe angalau mita moja na nusu kutoka sakafuni, na waendesha boila wote wafundishwe kuvuta moto kwa usalama, kwani vuli haisubiri kikao. Kabla ya mwisho wa Novemba, nakala ya kumbukumbu ianze kulala nje ya kiwanda, na Mwenyekiti wa serikali ya mtaa apewe kwa maandishi orodha ya kemikali tulizo nazo, namba za simu za watu wawili wa zamu, na maelekezo ya nini wakazi wafanye maji yakitoka kwetu. Kabla ya mwisho wa Januari 2026, paneli kuu ihamishwe, na mpango mpya uandikwe kwa Kiswahili, ukiwahusisha wasimamizi wa zamu zote tatu, watu wa stoo, mwakilishi wa vibarua na chama cha wafanyakazi, ukiwa na kifungu kinachotamka kwamba kiwanda kikisimama kwa maafa, vibarua watalipwa kima watakachokubaliana pande zote kwa siku zisizopungua 14. Mwezi Februari, kabla ya masika, lifanyike zoezi moja la usiku, bila kutangazwa, umeme ukiwa umekatwa kweli, tukiwaalika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na serikali ya mtaa kutuangalia, na makosa yatakayoonekana yabandikwe kwenye mbao za matangazo.

Naomba pia Bodi, au mjumbe wake mmoja, afike kiwandani azungumze na zamu ya usiku bila menejimenti kuwepo. Waendesha boila wale wawili bado wapo kazini.

Nitasubiri jibu la maandishi hadi tarehe 20 Oktoba. Lisipokuja, nitaomba ukaguzi rasmi wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na nakala ya ombi hilo nitawaletea kabla sijaliwasilisha ili lisiwe jambo la kuwashtukiza.

Naomba kuwasilisha.

Mwakilishi wa Wafanyakazi,
Kamati ya Usalama na Afya Kiwandani

Nakala: Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi
Wasimamizi wa zamu A, B na C
Ofisi ya serikali ya mtaa